Haki ya Jirani Katika Mtaa wa Kijapani





Mazungumzo yetu ya mwezi huu ni juu ya ugeni; wala si ugeni wa siku tatu, bali ugeni wa mtu aliyehama kwao akaenda kukaa katika nchi ya watu wengine, pamoja na mkewe na watoto wake. Nchi tuliyoichagua ni Japani. Tumeichagua kwa sababu miongoni mwa vijana wetu wako wanaokwenda huko kusoma na kufanya kazi, na wazazi wao huku nyuma hawajui wawausie nini. Tena ndani ya khabari za mtaa wa Kijapani mna mambo yanayotufaa hata sisi tuliobaki majumbani kwetu.

Mwisho wa mwaka 2024 wageni waliokuwa wakikaa Japani walizidi 3,700,000. Miongoni mwao wamo Waislamu kutoka Indonesia, Pakistan, Bangladesh, Uturuki na nchi za Kiafrika, na wako pia Wajapani wenyewe waliosilimu. Msikiti wa Kobe ulifunguliwa mwaka 1935 na umesimama mpaka leo. Msikiti wa Tokyo ulifunguliwa mwaka 1938, ukaja ukabomolewa kwa uchakavu, kisha ukajengwa upya na kufunguliwa mwaka 2000. Leo misikiti ya nchi ile inapita 100. Basi Mwislamu aendaye huko si wa kwanza kufika, wala hatakuwa wa mwisho, na jambo hili alitie moyoni, kwani tutalirejea mbele.

Mgeni afikapo mtaa wa pembeni ya mji, penye nyumba ndogo ndogo zilizokaribiana na njia nyembamba, jambo la kwanza linalomshangaza ni ukimya. Hasikii redio ya jirani, wala mtu kumwita mwenziwe kutoka upande wa pili wa njia. Wengi wa wakaazi wa mitaa hiyo ni wazee, kwani katika kila Wajapani 100, karibu 30 wametimiza umri wa miaka 65 au wameupita. Nyumba nyingine zimefungwa hazina watu. Hesabu ya serikali ya mwaka 2023 ilikuta nyumba tupu kiasi cha 9,000,000 katika nchi nzima. Ifikapo jioni, katika miji mingi hupigwa wimbo wa watoto kwa vipaza sauti vilivyowekwa juu ya nguzo. Mgeni hudhani ni burudani. Kumbe vipaza sauti vile vimewekwa kwa ajili ya kutangaza khatari, na wimbo ule huonyesha kuwa vingali vizima. Na papo hapo huwaambia watoto kuwa wakati wa kurudi nyumbani umefika.

Mtu aliyezoea mitaa yetu, anayesalimiwa mara kumi kabla ya kufika dukani, huenda akasema: "Watu hawa hawanipendi." Lakini asifanye haraka. Ukimya ule ni adabu yao. Kila mmoja anajizuia asimwudhi mwenziwe, na anataraji mwenziwe naye ajizuie hivyo hivyo. Sisi jirani humpa haki yake kwa kumtembelea, kumpelekea sahani ya chakula na kumwulizia hali kwa sauti. Wao humpa haki yake kwa kumwachia utulivu wake. Haki ni ile ile, namna ya kuilipa ndiyo mbali. Na mwenye kudaiwa hulipa kwa fedha inayotumika katika nchi ya mdai wake.

Sasa tuyataje mambo yenyewe, moja baada ya moja.

La kwanza ni kujiandikisha. Mgeni wa kukaa muda mrefu, akishapata mahali pa kukaa, hupewa siku 14 tu kwenda ofisi ya mji kuandikisha anwani yake, na akihama huandikisha tena. Hapo hapo, ikiwa hana bima ya kazini, huingizwa katika bima ya afya ya taifa, ambayo humwachia mgonjwa wa kawaida kulipa fungu la 30 katika kila 100 la gharama za matibabu. Asiojiandikisha hujitia katika mashaka makubwa siku mtoto wake atakaposhikwa na homa.

La pili ni nyumba, na hapa pana uchungu. Katika uchunguzi uliofanywa na Wizara ya Sheria ya huko mwaka 2016, katika kila wageni 10 waliowahi kutafuta nyumba ya kupanga, kiasi cha 4 walijibu kuwa walikataliwa kwa sababu ya ugeni wao. Mwenye nyumba hutaka mdhamini na amana, na wengine hutaka na pesa za shukrani ambazo hazirudi. Kukataliwa mtu kwa ajili ya asili yake ni dhulma, na hatusemi vingine. Lakini ukiwasikiliza wenye nyumba na madalali, utaona wengi wao wanakhofia mambo mawili madogo: takataka na kelele. Basi kila mpangaji mgeni anayeyashika vyema mambo mawili haya humfungulia mlango ndugu yake atakayekuja baada yake, na kila anayeyapuuza humfungia. Mpangaji wa kwanza huenda asijue kabisa alichomfanyia wa pili.

La tatu ni salamu za kuhamia. Desturi yao ya zamani ni kwamba anayehamia mtaani huenda kubisha hodi nyumba tatu za mbele yake na mbili za ubavuni mwake, akataja jina lake, akasema kuwa amehamia, akatoa kijizawadi kama taulo, sabuni ya kufulia au vitamutamu vilivyofungwa kiwandani. Katika majumba makubwa ya mijini, khasa kwa wanaokaa peke yao, desturi hii imepungua. Lakini katika mtaa mtulivu wenye familia na wazee ingali na thamani kubwa, na kwa mgeni thamani yake ni zaidi. Kwani jirani aliyekwisha kuuona uso wako na wa mkeo, na watoto wako wakamwinamia kichwa kwa adabu, siku atakaposikia mguu wa mtoto ukikimbia juu ya dari yake atasema, "Ni yule mdogo wa pale juu." Na asiyekujua atasema, "Ni wale wageni." Tofauti ya maneno haya mawili ni kubwa sana.

La nne ni takataka. Msomaji asicheke. Huko takataka zina ratiba kama ilivyo ratiba ya shule. Taka za kuungua aghlabu huchukuliwa mara mbili kwa juma. Plastiki zina siku yake, chupa na makopo siku yake, na magazeti na makaratasi siku yake. Kila mji una kanuni zake, na mingine ina mifuko yake maalumu ambayo lazima inunuliwe. Mfuko hutolewa asubuhi, si usiku, kabla ya saa iliyowekwa, ambayo mara nyingi ni saa mbili. Hufunikwa kwa wavu, kwa sababu ya kunguru. Watu wa Unguja na Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa alivyo kunguru mbele ya mfuko wa taka! Kitanda kibovu au kabati hakitupwi hivi hivi. Huombwa siku, hununuliwa stempu yake, kikabandikwa, ndipo kikatolewa. Na katika mji mdogo wa Kamikatsu, kisiwani Shikoku, taka zimepata kugawanywa kwa mafungu zaidi ya 40.

Mfuko uliotolewa siku isiyokuwa yake huachwa pale pale, umebandikwa karatasi ya onyo. Nani atauondoa? Mara nyingi ni mama mzee wa jirani, ambaye zamu ya kusafisha mahali pale imemfikia. Ataufungua kwa mikono yake, atazichambua taka za mtu mwingine, na hatasema neno. Wewe utadhani kuwa mambo yamekwisha salama, kumbe umemdhulumu mzee asiyekukosea kitu. Dini yetu imehesabu kuondoa udhia njiani kuwa ni katika imani. Basi itakuwaje kwa aliyeuweka udhia huo mlangoni pa jirani?

La tano ni sauti. Nyumba nyingi za kupanga ni za mbao na kuta zake ni nyembamba. Mashine ya kufulia ikizungushwa usiku, jirani huisikia kitandani mwake. Na kwa watu wa kwetu iko khatari moja ya peke yake: saa za Japani zimetangulia za Afrika ya Mashariki kwa saa sita. Mama aliyeko Mombasa akimaliza sala ya Isha akaketi kumpigia mwanawe simu saa mbili ya usiku, kule ni saa nane ya usiku. Na sisi tunavyozungumza simu twajijua! Kila nchi ikiwa mbali, ndivyo tunavyopaza sauti. Basi wazazi wanaosoma ukurasa huu walijue jambo hili, wachague saa nyingine. Saa nane ya mchana ya kwetu ni saa mbili ya usiku kwao, nao ni wakati mwema wa mazungumzo.

Ibada nayo ina adabu yake. Mwezi wa Juni huko Tokyo jua huchomoza kabla ya saa kumi na nusu, na alfajiri huingia kabla ya saa tisa. Anayeamka kusali ataamka wakati majirani wako katikati ya usingizi wao. Asiache sala yake, hasha. Lakini afungue maji kidogo, akanyage taratibu, na asiburure kiti. Mwezi wa Ramadhani anapowaalika wenziwe kufuturu, asiwasindikize kwa vicheko mpaka njiani, wala milango ya gari isipigwe kwa nguvu. Na wanaokwenda msikitini siku ya Ijumaa wasiegeshe gari mbele ya mlango wa mtu kwa kusema, "Ni dakika chache tu." Adhana huko haisomwi nje kwa vipaza sauti, husomwa ndani, na sala ni sahihi vile vile. Msikiti usiojulikana na majirani zake ila kwa magari yaliyoziba njia unaitia aibu dini usiyostahiki kuaibishwa kwayo.

La sita ni chama cha mtaa, wanachokiita chonaikai. Kuingia humo ni khiari na pana ada ndogo. Chama hiki ndicho kinachopanga siku za kufagia mtaa, kusafisha mitaro, kuangalia taa za njiani na kufanya mazoezi ya kujiokoa. Huwa na faili moja la matangazo lipitalo nyumba hadi nyumba. Kila mmoja husoma, hutia alama yake, akampelekea wa pili. Mgeni asiyesoma Kijapani hutamani kuliacha mezani. Asiliache, bali alipitishe siku hiyo hiyo, na alifanye kuwa sababu ya kubisha mlango wa jirani na kumwuliza lililoandikwa. Na siku ya kufagia atoke na ufagio wake, ijapokuwa hajui lugha. Ufagio hauhitaji mkalimani. Na ikiwa katika shughuli za chama muna jambo la ibada ya dini yao, aseme kwa upole kuwa hilo hataweza, na katika mengine yote yu pamoja nao.

Mazoezi yale si mchezo. Japani ni nchi ya zilzala. Tarehe 17 Januari 1995, kabla ya kupambazuka, ardhi ilitikisika katika Kobe na visiwa vya karibu, na watu zaidi ya 6,400 wakafa. Walionusurika kutoka chini ya vifusi, wengi wao hawakutolewa na askari wala wazima moto, kwa kuwa hao walikuwa wachache na njia zimekatika. Walitolewa na jamaa zao na majirani zao. Jirani ndiye aliyejua kuwa katika nyumba ile muna watu wangapi, na kuwa bibi mzee hulala chumba cha nyuma. Sasa mgeni ajiulize: Je, katika mtaa wangu yuko mtu mmoja anayejua kuwa mimi nimo humu ndani, na kuwa nina watoto wawili? Ikiwa hayuko, basi utulivu wa mtaa ule umemzidi kipimo.

Na Waislamu nao wamepata kuwa wenye kutoa. Baada ya zilzala na mafuriko ya bahari ya tarehe 11 Machi 2011, Waislamu wa msikiti wa Otsuka, Tokyo, walipeleka misafara mingi ya chakula na vifaa kwa walioharibikiwa huko kaskazini, na majirani zao Wajapani walishirikiana nao katika kuandaa matonge ya wali. Watu waliokuwa wakitazamana kwa mbali wakajikuta wanapika pamoja.

La saba ni watoto. Skuli za serikali za msingi na za kati hupokea watoto wa wageni bila ya ada, lakini mzazi lazima aombe mwenyewe. Watoto wadogo huenda skuli kwa miguu, makundi makundi, wakubwa wakiwaongoza wadogo, na wakifika husafisha madarasa yao kwa mikono yao. Mchana hula pamoja, wakipakuliana wenyewe. Orodha ya vyakula vya mwezi mzima hupelekwa kwa wazazi, nayo ni neema kwa Mwislamu, kwa sababu aweza kujua siku zenye nyama ya nguruwe. Mama wengi wa Kiislamu humpikia mtoto chakula chake kinachofanana na cha wenziwe ili asione unyonge. Lakini mama aende kwanza kwa mwalimu, aeleze kwa upole na kwa maandishi ni nini kisicholiwa na kwa nini. Asimwachie mtoto wa miaka saba mzigo wa kuieleza dini peke yake mbele ya darasa.

Adabu hiyo hiyo ndiyo ya zawadi. Jirani aliyepewa kitu aghlabu hurudisha kitu. Huenda akaleta keki yenye pombe ndani yake, au mchuzi wenye nyama usiyoijua. Hakukusudia kukuudhi, hajui tu. Mwambie: "Ahsante sana. Dini yetu haituruhusu hiki, lakini matunda twayapenda mno." Ukimweleza mapema na kwa uso mkunjufu, atakumbuka, na siku nyingine atakuletea machungwa. Ukipokea kwa tabasamu kisha ukatupa, na zamu ya kusafisha takataka ikamfikia yeye, msomaji anajua kitakachotokea.

Mpaka hapa tumesema ya mgeni kujifunza. Lakini je, yeye hana cha kufundisha? Anacho, tena kikubwa. Utulivu ule una upande wake wa giza. Mwaka 2024 polisi wa Japani walihesabu watu zaidi ya 76,000 waliofariki majumbani mwao hali wakikaa peke yao, na wengi wao ni wazee. Wengine hawakujulikana kuwa wamekufa ila baada ya siku nyingi. Watu waliojizuia wasiudhiane hufika mahali wasijuane hali. Hapa ndipo Mwislamu aliyelelewa vyema ana kazi. Qurani, katika Sura ya An-Nisaa, imemtaja jirani wa karibu na jirani aliye mbali nasi, ikaamrisha wema kwa wote wawili. Basi aangalie dirisha la mzee wa jirani kama limefunguliwa leo. Aangalie kama magazeti yamerundikana mlangoni. Amsalimu kila asubuhi kwa neno lile lile moja la Kijapani alilojifunza. Huo si umbea wala si udhia. Ni kumjua jirani bila ya kumsumbua, na jambo hili laweza kuwa ndiyo sababu ya kuokoka mtu.

Tumalizie kwa jambo zito kuliko yote. Wajapani, zaidi ya 99 katika kila 100, huchoma maiti zao. Makaburi ya Waislamu ni machache, na wako wanaosafirisha maiti masafa marefu kutafuta pa kuzika. Katika mkoa wa Oita, Waislamu wa mji wa Beppu walitafuta kwa miaka ardhi ya makaburi katika mji jirani wa Hiji. Baadhi ya wakaazi wa pale walikataa, wakikhofia maji yao. Mwaka 2023 yakapatikana mapatano juu ya kiwanja kingine cha mji ule. Mwaka 2024 akachaguliwa meya mwingine asiyekubali kiwanja hicho kiuzwe, na jambo likarudi nyuma. Hatusemi kuwa Waislamu wale walikosea. Walifuata njia ya mazungumzo, na subira yao ni ya kusifiwa. Tunalosema ni hili: katika nchi ya ugeni, hata kaburi la mtu laweza kungojea ridhaa ya majirani. Na ridhaa haipatikani siku ya mazishi. Hutafutwa miaka mingi kabla, kwa mfuko wa taka uliotolewa kwa siku yake, kwa mlango uliofungwa taratibu na kwa ufagio wa siku ya kufagia.

Basi enyi wazazi, mnapomwandalia mwana wenu safari, mkamtilia mswala na msahafu katika sanduku lake, mmetenda vyema. Mtilieni na wasia huu: amjue jirani wake, ajue kinachomwudhi na ajue kinachomfurahisha, kabla ya kumhukumu kuwa ana baridi ya moyo. Na sisi tuliobaki hapa nasi tujitazame. Yuko anayesali safu ya mbele, na maji machafu ya uani mwake yanapita mlangoni pa jirani yake. Huyo hana haja ya kusafiri mpaka Japani ili apate somo.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wageni wetu popote walipo, na atujaalie sote tuwe majirani wa kutumainiwa. Amin.